Babu Hachaguliwi

Miaka ya 1830, katika mji wa Plymouth, Massachusetts, watu wa ukoo wa Howland walimsimamishia babu yao jiwe juu ya kilima cha makaburi. John Howland alikuwa amefariki mwaka 1673, kwa hiyo waliolisimamisha jiwe hilo hawakuwa watoto wala wajukuu, bali vizazi vya mbali ambao hawakuwahi kuonana hata na mtu aliyemwona. Jiwe lilieleza kwamba mkewe, Elizabeth, alikuwa binti wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni la Waingereza lililoanzishwa hapo. Ukoo uliishi na habari hiyo kwa raha. Nani angejisumbua kuihoji nasaba inayompandisha daraja?

Howland hakuwa mkwe wa gavana. Alikuwa mtumishi wake.

Meli ya Mayflower ilipotoka Uingereza mwaka 1620 ikiwa na abiria 102, Howland, kijana aliyetoka Fenstanton, kijiji cha Huntingdonshire, alisafiri chini ya Carver. William Bradford, aliyemrithi Carver ugavana na kuandika historia ya koloni kwa mkono wake, anasimulia kwamba dhoruba ikiwa imepamba moto Howland alipanda sitahani, meli ikayumba, akatupwa majini. Akadaka kamba za tanga zilizokuwa zikiburura baharini, akazing'ang'ania hata alipozama, mpaka wenzake wakamvuta na kumpandisha. Walioning'inia kwenye kamba ile ni wengi kuliko yeye. Howland na Elizabeth walijaliwa watoto kumi, na katika uzao wao wamo marais Franklin Roosevelt na akina George Bush wote wawili, baba na mwana.

Elizabeth naye alikuwamo melini, binti wa miaka 13. Alisafiri na baba yake, John Tilley, mama yake Joan, pamoja na baba yake mdogo Edward na mkewe. Majira ya baridi ya kwanza yalikata karibu nusu ya abiria, na kufikia masika watu wazima hao wanne walikuwa wamekwisha kuzikwa. Inaelekea yatima huyo alipokelewa nyumbani kwa Carver, ambako Howland alikuwa akitumika. Aprili 1621 Carver alirudi kutoka shambani siku ya jua kali akilalamika kichwa, akapoteza fahamu, na baada ya siku chache akafariki. Mkewe hakukaa muda mrefu, akamfuata. Vijana wawili miongoni mwa waliobaki, mtumishi na yatima, wakaoana.

Hapo si vigumu kuona uvumi ulivyozaliwa. Msichana aliyelelewa kwa gavana, midomo ikibadilishana, huwa msichana wa gavana, na mwisho huwa binti yake. Hakuna aliyekaa chini akatunga uongo. Kila kizazi kilisogeza kidogo tu, tena kikisogeza kuelekea upande ule ule wa heshima.

Kilichourudisha ukweli ni kitabu kilichopotea. Mswada wa Bradford ulitoweka Boston wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1855 wanahistoria waligundua kwamba ulikuwa umehifadhiwa katika maktaba ya Askofu wa London, kwenye jumba lake la Fulham, na mwaka uliofuata ukachapishwa. Mwishoni mwa mswada huo Bradford alikuwa ameorodhesha abiria wa Mayflower, nyumba kwa nyumba, na kueleza yaliyowapata miaka thelathini baadaye. Howland yumo kwenye orodha ya watumishi wa Carver. Elizabeth yumo kwa baba yake, Tilley. Kabla karne haijaisha, jiwe la kilimani likaondolewa na kuwekwa jingine lenye maneno yaliyosahihishwa.

Ushahidi mwingine umeongezeka tangu hapo, na namna ulivyopatikana inafundisha uvumilivu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko. Daftari hizo ndizo mlango wa kila anayefuatilia mhamiaji wa karne ya 17, ingawa nyingine ziliungua, nyingine zililiwa na panya, na nyingine zina mapengo ya miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hata tarehe zina mitego. Mpaka mwaka 1752, Waingereza waliuanza mwaka tarehe 25 Machi, na ndiyo maana kifo cha Howland, kilichotokea Februari, kiliandikwa 1672 ilhali kwa hesabu yetu ni 1673. Asiyejua hilo aweza kumzika mtu kabla hajaandika wosia, au kumzaa mtoto kabla wazazi hawajaoana.

Katika parokia ya Henlow, Bedfordshire, umepatikana ubatizo wa Elizabeth, binti wa John Tilley, Agosti 1607. Ng'ambo ya Atlantiki kuna wosia wa Elizabeth Howland, mjane, wa Desemba 1686, ambamo anajitaja kuwa na umri wa miaka 79. Toa 79 kwenye 1686, utarudi Henlow mwaka ule ule. Daftari la kasisi wa kijijini na kauli ya bibi kizee anayegawa mali yake, vikiwa vimetenganishwa na bahari na takriban miaka themanini, vinakubaliana. Wosia wenyewe unamtaja binti yake Lydia, aliyeachiwa godoro la manyoya, mablanketi, sufuria ndogo ya shaba na Biblia ndogo. Kwangu mimi sufuria hiyo inamweleza Elizabeth vizuri kuliko cheo chochote cha ugavana alichobandikwa.

Nikisoma habari hizi namfikiria babu yangu mzaa baba. Alifika Tanga kutoka Kigoma enzi za Waingereza akiwa manamba, akakata mkonge kwa mkataba, na kila siku ya kazi ikitiwa alama kwenye kipande chake. Nyumbani, hata hivyo, tulikua tukiambiwa kwamba mzee alikuja pwani kutafuta maisha, kauli pana ambamo hata mfanyabiashara angeweza kuingia. Neno manamba halikutamkwa mbele ya wageni. Ukimuuliza shangazi, atakukumbusha kwamba chai inapoa. Hakuna aliyedanganya, ila kila mmoja alisogeza kidogo.

Tumezoea kusema mwacha asili ni mtumwa. Ukoo wa Howland uliacha asili yake ili usionekane uzao wa mtumishi, na familia yangu ilikuwa njiani kufanya hivyo hivyo. Tunadhani tunamtunzia babu heshima, kumbe tunampokonya. Mkwe wa gavana anayepata ardhi na kuingia barazani hajafanya la ajabu, kwani amebebwa. Mtumishi aliyevutwa kutoka baharini, akaoa yatima, na kufikia mwaka 1633 akawa mmoja wa wasaidizi wa gavana, huyo ametembea. Safari yake haiwezi kupimwa kama tumeficha alikoanzia.

Hamu ya kupata babu bora ilizaa biashara. Mwaka 1897 waliotokana na abiria wa Mayflower waliunda chama chao cha taifa, na matajiri wa Marekani walikuwa tayari kulipa wapatiwe mizizi ya Uingereza. Mtu aliyejiita Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden, aliwauzia miti ya ukoo iliyopambwa kwa majina ya kizushi, na kazi zake zinawapotosha watafiti hadi leo. Aliyesimama upande wa pili ni Donald Lines Jacobus, aliyeanzisha mwaka 1922 jarida ambalo baadaye liliitwa The American Genealogist. Yeye na wenzake walishikilia kanuni moja ngumu: kila kiungo kati ya mzazi na mwana kiwe na hati, na kisichokuwa nayo kiachwe wazi. Kuacha pengo ni aina ya uaminifu. Wengi wetu tungependa kulijaza.

Hesabu nayo ina lake la kusema. Kila mtu ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, na kila ukirudi nyuma kizazi kimoja idadi inazidishwa kwa mbili. Mtu wa leo yuko vizazi kumi na viwili hivi kutoka Mayflower, na katika kizazi cha kumi na mbili nafasi za mababu na mabibi ni 4,096, ingawa baadhi hujazwa na mtu yule yule pale ndugu wa mbali wanapooana. Anayejivunia kuwa damu ya Howland anajivunia nafasi moja, naye yumkini hajui lolote juu ya maelfu wengine: wachunga kondoo, wasusi wa vikapu, wanawake waliofia uzazini majina yao yasiandikwe. Damu haikuchagua. Sisi ndio tuliochagua, tukaita uchaguzi wetu asili.

Hata Howland wa kweli, akiisha kupatikana, haji peke yake. Mwaka 1634 alikuwa msimamizi wa kituo cha biashara cha mto Kennebec, walikonunua ngozi za biva kwa wenyeji. Mwingereza mwenzake wa makazi mengine, jina lake Hocking, alipopandisha chombo chake kupita eneo ambalo Plymouth ilidai ni lake peke yake, Howland aliwatuma watu wamkate kamba ya nanga. Hocking akampiga risasi mmoja wao akafa, naye akapigwa akafa. Watu wawili walizikwa kwa ajili ya ngozi.

Zito zaidi ni la ardhi. Plymouth ilijengwa palipokuwa kijiji cha Patuxet cha Wawampanoag, ambacho watu wake walifagiliwa na maradhi yaliyofuatana na meli za Ulaya kati ya 1616 na 1619. Mwaka 1621 chifu wao mkuu, Massasoit, alifanya mapatano ya amani na wageni hao dhaifu, na amani hiyo ndiyo iliyomwezesha Howland kulima na kuzaa. Mwanawe Massasoit, Metacom, aliingia vitani na wana wa walowezi mwaka 1675. Jabez, mtoto wa Howland na Elizabeth, alikuwa luteni katika kikosi cha Benjamin Church kilichomwinda. Metacom aliuawa Agosti 1676, kichwa chake kikatundikwa Plymouth kwa miaka mingi, na mwanawe mdogo akauzwa utumwani ng'ambo. Baada ya vita mji wa Bristol ulianzishwa kwenye ardhi ya Metacom huko Mount Hope, na miongoni mwa wakazi wa kwanza alikuwamo Jabez Howland.

Kwa hiyo wakati mmoja na mahali pamoja, nasaba mbili zilikutana. Moja iliendelea na ubatizo, wosia na hati za viwanja, mpaka mtu wa leo anaweza kuifuata kizazi kwa kizazi. Nyingine ilikatwa kwa mtoto asiyejulikana alizikwa wapi. Wawampanoag hawakwisha. Wapo Massachusetts mpaka sasa, wakiwamo wa Mashpee, lakini katika daftari za karne ile wengi wao hawaonekani ila pale walipotia alama ya mkono chini ya hati ya kuuza ardhi. Karatasi huwakumbuka walioandika.

Sisemi mjukuu wa leo ahukumiwe kwa upanga wa Jabez. Hakuushika. Ninachosema ni kwamba kama anajivunia kamba iliyomwokoa babu, hawezi kusema vita vya Mount Hope havimhusu. Fahari na deni ni vya ukoo ule ule, navyo hurithiwa kwa pamoja. Ukikubali kupokea kimoja, umeshakubali kwamba yaliyofanywa na wafu yana uhusiano nawe, na huwezi tena kukipa kisogo kile cha pili.

Naandika haya kwa sababu naona hamu ya nasaba ikikua kwetu pia. Vijana wanachora miti ya ukoo kwenye simu, familia zinachapisha vijitabu vya kugawa kwenye arusi na arobaini. Ni jambo jema, na wazee wanaokumbuka hawatakuwapo siku zote. Ila nimesoma vijitabu hivyo, na vingi vimejaa machifu, mashehe na wapiganaji, bila manamba hata mmoja, bila mke aliyefukuzwa, bila mtu aliyenyang'anya shamba la jirani. Ukoo wa namna hiyo hautokani na binadamu.

Basi ukikaa na mzee kuandika, muulize na yale yasiyopambwa. Babu alifika hapa akiwa nani, na chini ya nani? Bibi alikuwa mtoto wa nani kabla hajaitwa mke wa fulani? Shamba hili lilikuwa la nani kabla yetu, na walikwenda wapi? Mzee akikataa kujibu, usijaze pengo kwa chifu. Andika kwamba uliuliza, acha nafasi tupu, na umwachie mtoto wako haki ya kuendelea kutafuta.