Kanisa Lenye Shughuli Nyingi na Mjane Aliyesahauliwa

Andiko: Matendo ya Mitume 6:1-7

Aprili imeisha na wengi wetu tumechoka. Tulianza na siku tatu za kufunga, tukapanda Menengai kuomba, ikaja Pasaka na ubatizo, kisha kongamano la vijana kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Kwaya ikaenda Molo kwa mkutano wa injili. Harusi mbili, matanga, harambee ya mabati. Hata mvua haikutuzuia, ingawa hema lilianguka ile Jumamosi, na kuna mashemasi wawili wanaojua ni nani hakulifunga vizuri.

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na ugonjwa huo haujanitoka. Nina jedwali kwenye kompyuta: tukio, tarehe, msimamizi, bajeti, waliohudhuria, waliotoa. Jumatatu nilikaa ofisini nikaweka alama ya mwisho. Kila mstari ulikuwa kijani. Nikamshukuru Mungu, na kusema kweli nikajishukuru na mimi kidogo.

Siku hiyo hiyo mshirika mmoja akaniuliza, "Pasta, yule mama mjane wa benchi la tatu, karibu na dirisha, siku hizi yuko wapi?" Nikafungua jedwali. Jina lake lilikuwepo: shilingi 200 za mabati, zimetumwa kwa M-Pesa. Kwa hesabu yangu alikuwa mshirika hai. Lakini mara ya mwisho kumsalimia kwa mkono ilikuwa lini? Sikukumbuka.

Tulimkuta kwake Kaptembwo, mguu umefungwa plasta. Aliteleza kwenye matope soko la Wakulima akiwa amebeba sukuma wiki, wiki moja kabla ya Pasaka. Zile 200 alizituma akiwa kitandani. Kodi ya nyumba ya Aprili ilikuwa haijalipwa. Jirani yake, mama Mwislamu, ndiye aliyekuwa akimletea uji asubuhi na kumchotea maji. Hakutulaumu. Aliuliza ubatizo ulikuwaje, na ni wangapi waliokoka Molo. Halafu akasema, siku basi la kwaya lilipokuja kuchukua vijana pale stejini, aliwasikia wakiimba. Alijaribu kusimama awaone dirishani akashindwa.

Ngojeni niseme lililo baya zaidi. Tukiwa tunarudi nilitafuta kwenye kundi letu la WhatsApp. Alikuwa ametuandikia jioni ile ile aliyoanguka, ujumbe mfupi tu: ameumia mguu, tumkumbuke. Juu yake na chini yake ni mabishano ya rangi ya fulana za kongamano. Mtu mmoja tu alimjibu. Aliweka ile picha ya mikono inayoomba na neno "Amina". Mtu huyo ni mimi. Na hata kuomba, wapendwa, sikuomba.

Ndiyo maana nimekaa kwenye Matendo 6 wiki nzima. Andiko hili nimelihubiri zamani kama somo la kugawa kazi: mitume wahubiri, wengine wagawe chakula. Safari hii nimeona mambo niliyokuwa nikiyaruka. Luka anasema manung'uniko yalianza wakati wanafunzi wanaongezeka. Kanisa halikuwa limepoa hata kidogo. Watu walikuwa wanaokoka, na huduma ya chakula ilikuwa ikifanyika kila siku. Mpango ulikuwepo, ila haukuwafikia wajane wa Wayahudi wa Kiyunani. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Lugha yao ilikuwa nyingine, na mimi naona hawakuwa karibu na walioshika vyombo. Si hata kwenye harusi zetu ni hivyo? Aliyekaa karibu na sufuria anakula kwanza.

Mitume nao hawakuwaambia wale watu waache kunung'unika. Waliita mkutano mzima, na jambo likazungumzwa mbele ya wote. Kisha soma majina saba ya mstari wa 5, msiyapite haraka: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaani waliopewa kazi wanaonekana kuwa watu ambao wale wajane wangeweza kuongea nao. Na sifa iliyotakiwa ni kujaa Roho na hekima. Kwa kazi ya kugawa chakula! Sisi tukitaka mtu wa kutembelea wagonjwa, huwa tunamtafuta yule ambaye hajapata nafasi kwenye kwaya.

Nimeongea na Mchungaji kiongozi. Tumeondoa mambo mawili kwenye kalenda ya Mei, na moja ni chakula cha jioni cha viongozi. Najua kuna waliokasirika. Njooni ofisini tuongee, lakini hakirudi. Kodi ya mama imelipwa. Vikundi vya nyumbani vya Kaptembwo, Rhonda, Lanet na Free Area vimechagua watu saba vyenyewe, ofisi haikutia mkono. Jedwali langu bado ninalo, siwezi kuwadanganya, ila nimeongeza safu moja: nani amemwona huyu, na lini.

Mama mwenyewe amesema hana haraka ya kubebwa kuja ibadani. Anataka kwanza nafasi yake pale sokoni, maana kuna mtu tayari ameikalia. Wazee wawili wamekwenda kuzungumza na huyo mtu, na mmoja wao amerudi na mafungu matatu ya mboga, kwa hiyo nadhani mazungumzo hayakuwa mabaya.

Jumatano tunaanza na Rhonda. Tukutane stejini saa kumi na moja jioni. Mvua bado ipo, vaeni gambuti.