Maji ya Katuma ni ya Nani?

Wengi wetu hapa Majengo tumepata kusafiri kwa basi kwenda Sumbawanga, tukavuka daraja la Sitalike, mwendo wa kilometa 35 hivi kutoka mjini. Hapo abiria wote hugeuza shingo kutazama viboko. Mto ule ni Katuma. Huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, hutandaa katika mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huendelea kwa jina la Kavuu mpaka Ziwa Rukwa. Na Rukwa halina mto wa kulitoa maji. Safari yaishia pale.

Sisi tuliofundisha jiografia tuliwaonyesha watoto kwamba katika ramani mto wa kudumu huchorwa kwa mstari mzima wa buluu, na mto wa msimu kwa mstari wa vipande vipande. Katuma ulikuwa wa mstari mzima. Tangu miaka ya 1990 sehemu zake za ndani ya hifadhi zimekuwa zikikauka wakati wa kiangazi, na sababu kubwa iko juu ya mto, nayo ni mifereji na makinga-maji ya mashamba ya mpunga. Jambo hili si la Mpanda peke yake. Ruaha Mkuu nao, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kiangazi mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, na huko pia mpunga wa Usangu ulihusika.

Maji yakipungua, viboko kwa mamia husongamana katika vidimbwi vichache. Ngozi ya kiboko haivumilii jua. Bila maji wala matope hupasuka. Mchana hujizamisha, usiku hutoka kula majani, na kinyesi chake hulisha viumbe vya majini, samaki wakiwamo. Lakini mto usipotembea, kinyesi hicho hicho huyageuza maji kuwa uozo usio na hewa, na samaki hufa. Madume hupigana hata kuuana kwa ajili ya mahali pa kulala. Mamba hujibanza katika mapango ya kingo, mmoja juu ya mwingine, wakingoja mvua.

Sasa mkulima husema, nasi tumemsikia mara nyingi: “Je, kiboko ni bora kuliko mtoto wangu?” Ni swali la haki, na anayelicheka hajawahi kulala njaa. Wali tunaokula Mpanda hautoki mbinguni. Tena kiboko si mnyama wa kuonewa huruma ya kitoto. Ameua watu, na waliokesha shambani wakilinda mazao wanamfahamu vizuri kuliko watalii.

Hata hivyo twaona swali hilo limewekwa vibaya. Mtoto wa mkulima na kiboko hawagombei ndoo moja. Maji ya kunywa na kupikia ni kidogo sana mbele ya maji yanayofurika majaruba, na mengine hupita shambani usiku kucha, shamba likiwa limekwisha kushiba, yakapotelea vichakani. Jambo la kuamuliwa ni hili: aliye wa kwanza mtoni ana haki ya kuyamaliza? Nabii Ezekieli, sura ya 34, awakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi kisha wakayachafua yaliyobaki kwa miguu yao. Hawakemei kwa kunywa.

Sheria ya nchi nayo imelipanga jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yatanguliza matumizi ya nyumbani, ya pili ni maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo zifuate shughuli nyingine, kilimo kikiwamo. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli zinazoharibu mto ndani ya mita 60 za ukingo.

Wengine hututaka tumtetee kiboko kwa sababu ya fedha za watalii. Hoja hiyo haitutoshi. Watalii wakiacha kuja kesho, je, itakuwa halali kumkausha? Sisi twasema ana dai lake mwenyewe, kwa kuwa hana pa kwenda. Mkulima kiangazi aweza kulima kitu kisichotaka maji mengi, au akafanya biashara, hata kama ni kwa shida. Kiboko hana kazi ya pili. Na nyuma yake wako watu, wakulima wa bonde la Kavuu na wavuvi wa Rukwa, ambao mwenye mfereji wa juu hajapata kuwaona kwa macho.

Katika mikutano ya watumia maji, wa juu hulalamikiana na wa katikati, na zamu za mifereji hugawanywa mpaka zinakwisha. Ingefaa zamu moja, mwezi wa Agosti kabla vidimbwi havijawa tope, iandikwe kwa jina la mto wenyewe, na mtu apewe kazi ya kwenda kuangalia kama mlango wa mfereji umefungwa kweli usiku huo.