Mpiganaji Mwenye Akili 6

Kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, humpa kila mhusika namba sita, na mojawapo ni ya Akili. Katika kanuni za mwanzo ulirusha dadu tatu na kujumlisha: ya chini kabisa ilikuwa 3, ya juu kabisa 18. Namba hiyo ni ya mhusika. Akili ya anayerusha dadu haipimwi na mtu, naye huja nayo mezani yote. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo mimi, mchungaji wa Kilutheri niliyelelewa Iringa na ninayehudumu Saint Paul, nimelichukua kwenye meza ya vijana wa usharika na kulipeleka kwenye vitabu vyangu vya teolojia. (Wapo wahubiri wa Marekani walioupiga vita mchezo huu miaka ya 1980 wakiuita wa kishetani. Sikubaliani nao, na sitawajibu leo.)

Lipo zimwi moja katika vitabu vya mchezo huo ambalo ukilikata, jeraha linajifunga. Haliachi kuinuka mpaka lichomwe kwa moto au tindikali. Mchezaji yeyote mzoefu analijua hilo. Sasa mpiganaji kijana, Akili 6, hajawahi kutoka kijijini kwao, anakutana nalo pangoni, upanga mkono huu, mwenge mkono ule. Mchezaji anajua, mpiganaji hajui. Auinue mwenge?

Vijana wengi hujibu haraka: asiuinue, huo ni udanganyifu. Lakini anayeukwepa moto kwa sababu anajua unaua bado anaongozwa na moto uleule. Asiyejua kitu angeweza kulichoma zimwi hata kwa pigo la kwanza, kwa woga tu, maana mwenge ndio uliokuwa karibu. Ujinga wa kuigiza una njia zilizofungwa ambazo ujinga wa kweli hauna.

Hali ya kinyume ipo pia, mhusika anapokuwa na akili kumzidi mchezaji. Call of Cthulhu, mchezo wa Sandy Petersen wa mwaka 1981, uliiwekea dawa: katika matoleo yake ya awali ulizidisha Akili ya mhusika mara tano, ukapata asilimia. Mwenye 14 alipata 70. Dadu zikikubali, msimamizi wa mchezo humfunulia jambo ambalo mchezaji mwenyewe hakuling'amua. Kumwongezea mtu ujuzi ni kazi nyepesi. Kumpunguzia ndiko kugumu.

Walutheri wa Ujerumani waligombana sana juu ya jambo hilo miaka 400 iliyopita. Kristo alipotembea duniani, aliufanyia nini ujuzi wake wa kiungu? Injili ya Marko, sura ya 13, inaeleza kwamba siku na saa ya mwisho hata Mwana haijui, ila Baba. Wanateolojia wa Giessen walifundisha kwamba ukuu wa kiungu alikuwa nao, ila alijizuia kuutumia. Wale wa Tübingen wakashikilia kwamba aliutumia siku zote, kwa siri. Mwaka 1624 wanateolojia wa Saxony walitoa uamuzi ulioelemea upande wa Giessen. Karne ya 19 Gottfried Thomasius wa Erlangen akaenda mbele zaidi: sifa kama kujua yote, Mwana aliziweka kando kabisa.

Njia ya Thomasius mchezaji haiwezi. Hakuna binadamu anayesahau kwa kuamua. Njia ya Tübingen tunaifahamu sote: mchezaji anasema mpiganaji wake ana mazoea tu ya kuchezea moto, na zimwi linakufa. Inabaki Giessen. Ila kujizuia maana yake nini, ikiwa hata kukwepa ni namna ya kutumia?

Nadhani tunakosea pale tunapoisoma Akili 6 kama amri ya kukosea. Nimewaona wachezaji wakipata namba ya chini na papo hapo mhusika wao anaanza kudondosha mate na kusema ovyo, meza nzima inacheka. Inaniuma. Katika usharika nilikokulia palikuwa na mpiga kengele ambaye watu walisema hana akili. Kuhesabu sadaka hakuweza. Lakini mvua ilipokaribia, yeye ndiye aliyetangulia kuanua mahindi yaliyoanikwa, na penye msiba alikuwa amekwisha kaa mkekani kabla wazee wa kanisa hawajafika. Hakuwa mwerevu aliyepunguzwa. Alikuwa na mambo yake aliyoyatazama, na kutoka hayo alifikia maamuzi yake. Ukitaka kumwigiza mtu kama huyo, acha kuhesabu asichokijua, tafuta anachokitazama.

Binti mmoja wa meza yetu alilifanya hilo mbele ya zimwi. Mpiganaji alikuwa wake. Kabla ya kutamka lolote kuhusu mwenge, alimuuliza msimamizi: kijijini kwa huyu kijana, mbwa mwitu wakivamia zizi, wanawafukuzaje? Msimamizi akafikiri kidogo, akajibu: kwa moto. Basi akauinua mwenge.

Wenzake wakalalamika kwamba ametafuta kisingizio, na lalamiko lao lina uzito, kwa kuwa kisingizio ni Tübingen tupu. Mimi nilisimama upande wake, na bado nimesimama hapo. Mwenye kisingizio hujitungia jibu mwenyewe. Yeye aliuliza bila kujua atajibiwa nini, akaiacha hatima ya mpiganaji mkononi mwa mwingine, jinsi ninavyomwelewa Mwana aliyeiacha saa mkononi mwa Baba. Msimamizi angeweza kusema kwao hufukuza mbwa mwitu kwa kupiga madebe, naye angelikabili zimwi lile kwa upanga na makelele.