Jinamizi Si Shahidi

Wazee walisema kwamba usingizi ni ndugu wa mauti. Lakini mahali pa ajabu kuliko usingizi wenyewe ni mlangoni pake, pale mtu asipokuwa macho wala hajalala. Hapo mtu hufumbua macho gizani, akaliona dirisha la chumba chake na kusikia mbwa wakibweka nje. Ataka kuinua mkono, hauinuki. Ataka kuita, sauti haitoki. Kifua ni kizito kana kwamba mtu amemkalia. Pengine huona umbo limesimama kando ya kitanda. Hilo ndilo jinamizi. Na wako wasemao kwamba walijiona wameinuka juu, wakautazama mwili wao wenyewe umelala chini.

Sisi tuishio Arusha mjini na katika migomba ya mtelemko wa Mlima Meru twazisikia habari hizo. Yafaa basi tuulize mambo mawili. Je, aliyeona hivyo ameona kweli? Na je, yampasa kumtendea jirani yake neno lo lote kwa sababu ya aliyoyaona?

Kwanza, tusimcheke. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba usiku viko vipindi ambavyo macho ya aliyelala huenda mbio chini ya kope, na akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Baadaye ikajulikana kwamba katika vipindi hivyo ubongo huilegeza misuli ya viungo, ili mtu asiyatende kwa mwili yale aotayo. Basi pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto huendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Uchovu, usingizi wa vipande vipande, na kulala chali huzidisha jambo hili. Mlinzi akeshaye usiku na kulala mchana yumo hatarini kuliko mkulima alalaye mapema.

Na wale wajionao nje ya mwili? Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake huko Uswisi walieleza habari za mwanamke waliyekuwa wakimtibu kifafa. Walipoigusa kwa umeme mdogo sehemu moja ya ubongo wake, upande wa kulia, alisema ajiona toka juu, amelala kitandani. Habari hiyo haituambii roho ni nini. Yatuonyesha neno moja tu, kwamba mtu aweza kujiona yuko juu hali hakuondoka kitandani.

Mfano wake ni mwangwi. Mtu akipiga ukelele mbele ya mwamba mrefu, kama ule ulio ndani ya kasoko la Meru, sauti humrudia. Masikio yake hayakumdanganya, maana sauti imesikika kweli. Lakini akisema yuko mtu ndani ya mwamba amwitaye, hapo amekosa. Na akichukua rungu kumtafuta mtu huyo, amezidi kukosa. Kuona ni jambo moja, na kujua sababu ya ulichoona ni jingine.

Mwaka 1995 jambo hili lilileta msiba. Kisiwani Pemba, kisha Unguja, watu wengi walisema kwamba kiumbe kiitwacho Popobawa huwaingilia usiku na kuwakandamiza. Jamaa nzima wakalala nje, wakiota moto na kukesha pamoja. Waliochunguza habari hizo waliona kwamba nyingi zafanana sana na jinamizi. Laiti mambo yangaliishia kwenye hofu! Mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Waliosema wamekandamizwa huenda hawakusema uwongo. Hata hivyo aliyekufa hakuwa na hatia.

Wako watakaojibu, “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.” Wengine watasema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Methali hizo zatuonya tuangalie, hazikutupa ruhusa ya kuhukumu. Katika baraza shahidi huulizwa: Ulisimama wapi? Palikuwa na mwanga? Nani mwingine aliona? Jinamizi haliwezi kujibu hata swali moja. Tena umbo lile la usiku huenda halikuwa na jina, hata asubuhi mwenye hofu alipolipa jina. Na jina lile hutoka katika magomvi ya mchana: mpaka wa shamba, deni, au zamu ya maji ya mfereji. Naye atajwaye mara nyingi ni yule asiye na mtetezi. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa shutuma za uchawi, hasa upande wa Usukuma, na wengine walishukiwa kwa macho mekundu tu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyaleta.

Kwa hiyo, mtu akija kwetu asubuhi na kusema amekandamizwa, tumkalishe na kumsikiliza. Tumwulize amelala saa ngapi siku hizi, na kama ana shida inayomkosesha usingizi. Tumwambie kwamba hali ile haidumu, na kwamba wengi huona nafuu wakijaribu kutikisa kidole kimoja tu. Ikimrudia mara kwa mara, aende kwa mganga wa hospitali. Lakini akianza kutaja jina la jirani, tumzuie papo hapo, kwa upole, kabla jina halijatoka nje ya mlango. Maana hofu ya usiku huisha kukipambazuka, bali jina la mtu likiisha kutajwa hivyo kijijini, ni vigumu kulirudisha.