Mchoro Uliorudishwa Kifudifudi

Miezi miwili iliyopita nilikaa kwenye kikao cha kuchagua picha za kitabu cha historia cha sekondari. Nilipeleka nakala ya mchoro wa Tshibumba Kanda-Matulu unaoonyesha kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Ulizungushwa mezani, kila mmoja akautazama kwa heshima, kisha ukarudi kwangu kifudifudi. Mwenyekiti, mtu msomi na mpole, akaniambia: "Huyu alikuwa mchoraji mzuri asiyeeleweka zama zake. Lakini hii si historia, ndugu yangu. Hii ni hisia." Mahali pake wakaweka picha ya watu wenye suti wamezunguka meza ya mazungumzo. Tangu siku hiyo sijatulia, na haya ninayoyaandika yanatoka kwenye uchungu huo.

Historia, kumbukumbu na ushahidi vina maana zake vitabuni, nami sina ugomvi nazo. Kinachonikera ni lile neno "asiyeeleweka". Tunapomwita mtu hivyo, tumesema nini?

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, mji wa shaba ambao leo unaitwa Lubumbashi. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Wateja wake walitaka picha za kutundika sebuleni: mamba muntu, yaani nguva, au Colonie Belge, mfungwa akichapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji. Alizichora, maana alikuwa na familia ya kulisha. Lakini mwenyewe alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale mjini, na kufikia mwaka uliofuata alikuwa amemletea michoro 101. Ilikuwa historia ya nchi yake tangu enzi za mababu, na aliisimulia kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoweka. Hakuonekana tena.

Maisha kama hayo watu huyaita upweke wa msanii. Mimi naona ulikuwa upweke wa aina yake: mtu analeta ushahidi, analipwa bei ya pambo. Na hapo ndipo neno la mwenyekiti linapoanza kunikwama kooni, kwa sababu nyumbani kwake Tshibumba alieleweka. Watu wa Lubumbashi walikuwa na jina la picha za namna ile. Waliziita ukumbusho. Picha ilitundikwa ukutani ili mgeni akiketi aulize, mwenye nyumba aanze kusimulia, na mtoto aliyejikunja pembeni asikie. Sasa nani hakumwelewa? Waliokuwa na lile neno, au sisi wa kikaoni?

Hoja iliyonitia hasira kuliko zote ni hii: ati alikosea baadhi ya tarehe, hakuwa msomi, na picha si waraka. Nimeisikia mara nyingi, daima kwa sauti ya upole. Basi tuipime kwa mchoro ule ule waliourudisha.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, porini nje ya Élisabethville. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, ikatangaza kwamba alitoroka kifungoni akauawa na wanakijiji. Tangazo lile lilikuwa na kila kitu mwenyekiti wetu anachokitaka: tarehe, ofisi, jina la waziri. Lilikuwa uongo. Miili ilikuwa imefukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Polisi wa Kibelgiji aliyefanya kazi hiyo, Gerard Soete, aliyaeleza hayo hadharani karne ya 20 ikiwa inaisha. Bunge la Ubelgiji lilipata ripoti ya uchunguzi mwaka 2001. Mwaka 2022 Ubelgiji ikairudishia familia ya Lumumba jino lake moja. Jino moja, baada ya miaka 61.

Kwa hiyo Tshibumba aliposhika brashi, hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi, wala picha ya kamera. Waraka uliokuwapo ulidanganya. Yeye akailaza maiti ardhini, mahali pa kuonekana. Nyuma yake, mbali, akasimamisha misalaba mitatu. Kutoka ubavuni damu inatiririka, na ukiisogelea picha unaona damu ile imeandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Je, ni kosa la kihistoria kwamba damu haiandiki? Hakuna mtoto wa Lubumbashi angedhani mchoraji anadai iliandika. Anachosema ni kwamba mtu huyu aliuawa, kwamba tumemnyima mazishi, na kwamba aliuawa kwa sababu ya lile alilolitaka. Nionyesheni waraka wa serikali yoyote wa mwaka 1961 uliosema hayo matatu.

Wapo wanaosema kwamba alichora chini ya utawala wa Mobutu na kwamba Fabian, mnunuzi aliyemuuliza maswali, aliyaelekeza masimulizi. Ni kweli, na hilo lipimwe.

Kuna jambo jingine ambalo kikao kililicheka, nami siwezi kulipita. Niliwasomea sentensi chache za masimulizi ya Tshibumba, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Wanasema "bantu" pale tunaposema watu, "njo" kwa ndio, na "alikuwaka" kwa alikuwa. Mmoja akasema, "Kiswahili kibovu." Kibovu kwa kipimo gani? Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na uamuzi ule ulitufaa kwa mengi. Kiswahili cha Lubumbashi hakikuwa na mkutano. Kililelewa na wachimbaji wa shaba na wake zao, watu wa Kiluba, Kibemba na wengine, waliohitaji kuelewana kabla ya zamu ya asubuhi. Hiyo "-ka" ya mwisho naipenda kwa moyo wote. Inakipa kitendo umbali na mazoea kwa mpigo mmoja, kazi ambayo sisi tunaifanya kwa maneno mawili au matatu. Ningeweza kuandika kurasa juu ya herufi hizo mbili.

Lakini narudi kwenye swali langu la nani alimwelewa, na nakiri halijaisha. Michoro 101 iko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho la Wereldmuseum, zamani Tropenmuseum, imetunzwa vizuri kuliko ambavyo ingetunzwa kwenye sebule yenye moshi wa makaa. Nashukuru. Hata hivyo ukumbusho ulihitaji mgeni wa kuuliza na mwenye nyumba wa kujibu. Picha iliyohifadhiwa bila wote wawili bado ni ukumbusho? Au imekuwa pambo tena, safari hii la watu wenye elimu? Siku nyingine najibu hivi, siku nyingine vile.

Kikao kijacho ni baada ya Ramadhani. Mchoro nitaupeleka tena. Na kabla hawajaugeuza kifudifudi, nitamwomba mwenyekiti anionyeshe kaburi alimozikwa Lumumba Januari 1961.