Tuta la Kuuza na Tuta la Kula

Neno "kienyeji" lina heshima kubwa katika masoko yetu. Kuku akiitwa wa kienyeji, bei yake hupanda na mnunuzi hanung'uniki. Yai likiitwa la kienyeji, hutafutwa kwa ajili ya mgonjwa na mzazi aliyejifungua. Siku hizi neno jingine limekuja likaketi ubavuni mwake: "hai", yaani chakula kilicholimwa bila ya mbolea ya chumvichumvi wala dawa za viwandani. Wanunuzi wengi huyatamka maneno haya mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nami nilikuwa miongoni mwao, mpaka bibi mmoja muuza mchicha aliponifunza tofauti yao.

Bibi huyu analima katika bonde dogo nje ya mji, hapa Unguja. Kwa miaka kadhaa nilinunua mboga kwake sokoni, nikijisifu nyumbani kwamba sisi tunakula cha mtu tunayemjua. Asubuhi moja nilikuwa na safari ya upande wa kwao, nikapita shambani. Baada ya shikamoo na marahaba, niliinama kuchuma mwenyewe kwenye tuta lililokuwa karibu na migomba. Mchicha wake ulikuwa mfupi, na majani yametobolewa na wadudu.

"Hilo siyo, mwanangu," akanizuia kwa upole. "Hilo tunakula wenyewe. La kuuza ni lile kule."

Nikatazama kule. Majani yalikuwa mapana, mazima, yanang'aa. Kando yake lilikuwa limewekwa bomba la kupulizia dawa. Nikamuuliza kwa nini amefanya matuta mawili. Hakufedheheka hata kidogo.

"Mwaka jana ulinirejeshea fungu," akasema. "Ukaniambia lina matundu."

Nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mnunuzi anaposema anataka chakula cha kwetu, chakula safi, chakula cha asili, anataka nini hasa? Na akidanganyika, dhambi ni ya nani?

Tuanze na maneno yenyewe. Kusema chakula ni cha hapa ni kujibu swali moja tu: kimetoka wapi? Jawabu hilo lina thamani yake. Mboga iliyochumwa alfajiri karibu na mji hufika ingali na uhai, na fedha ya mnunuzi hubaki mikononi mwa jirani. Lakini halituambii lolote juu ya dawa. Matuta yote mawili ya bibi yule ni ya hapa, na yanakunywa maji ya kisima kimoja.

Neno "hai" hujibu swali la pili: kimelimwaje? Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha kilimo hai, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Kiwango hicho hukataza mbolea na dawa za kemikali za viwandani, na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Hutaka rutuba ijengwe kwa samadi, kwa mboji na kwa kubadilisha mazao shambani. Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba kilicho hai hakikupuliziwa kitu. Mkulima wa kilimo hai naye hupambana na wadudu, na maji ya majani ya mwarobaini ni miongoni mwa silaha zake. Wala alama haina maana kwamba kila fungu limepimwa maabara. Upepo waweza kuleta dawa ya jirani. Alama ni ushahidi wa njia iliyofuatwa tangu mbegu hadi mavuno.

Kwa hiyo kitu chaweza kuwa cha hapa na kisiwe hai, na chaweza kuwa hai ilhali kimetoka mbali. Sisi watu wa visiwani tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana mchele wetu mwingi hutoka ng'ambo, na mbatata, vitunguu na tungule nyingi huvuka maji kutoka bara. Atakayeapa kutokula ila kilichoota kisiwani atalala bila ya wali siku nyingi. Umbali peke yake hauwezi kuwa mizani ya wema.

Basi mnunuzi atajuaje? Wazee wetu walitumia jicho na mkono. Sote tumelelewa na habari ya Mtume, S.A.W., alivyopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali alikuwa ameificha chini ile iliyorowa mvua. Aibu ya mfanyabiashara yule ilishikika kwa vidole. Aibu ya zama zetu haishikiki. Dawa nyingine hukaa juu ya jani na maji huipunguza, lakini nyingine huingia ndani ya mmea wenyewe, mahali ambapo kuosha hakufiki. Jicho nalo hudanganywa kwa wepesi. Wengi hupasua yai na kukiamini kiini chenye rangi iliyokoza, ilhali rangi hiyo hutokana na chakula alichokula kuku, na chakula cha kuku wa bandani chaweza kutiwa kitu cha kuikoza. Wahenga walitwambia juu ya uzuri wa mkakasi kwamba ndani ni kipande cha mti, nasi tungali tunachagua tungule kwa kung'aa kwake.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kilichofanywa shambani anakijua aliyekifanya. Anayenunua chakula asichokilima ananunua pamoja nacho neno la mtu. Alama iliyobandikwa juu ya pakiti ni neno hilo lililoandikwa, kwa ajili ya mnunuzi asiyeweza kuonana na mkulima. Ndiyo maana viungo vya visiwa vyetu vimekaguliwa na kuthibitishwa kuwa hai kwa ajili ya masoko ya Ulaya: mtu wa huko hawezi kuja kumuuliza mwenye shamba, basi huliuliza daftari. Lakini ukaguzi una gharama, na bonde dogo la mchicha haliwezi kuibeba. Kwa sababu hiyo, vipo vikundi vya wakulima Tanzania vinavyokaguana vyenyewe kwa masharti waliyokubaliana, jirani akiwa shahidi wa jirani. Nasi tunaoweza kumfikia mkulima kwa daladala tunayo njia nyepesi zaidi, nayo ni kuuliza. Shamba gani? Umepulizia nini, na lini? Kila dawa ina idadi ya siku zinazopasa kupita kati ya kupulizia na kuchuma. Je, zimepita?

Wapo watakaosema kwamba bibi yule alinidanganya. Ni kweli kwamba alijua. Mtu hatengi tuta la wanawe bila ya kujua. Hilo haliwezi kufunikwa, na anayempa mwenziwe asichothubutu kumpa mwanawe ana la kujibu. Lakini mimi nami nilimwagiza. Hakuna siku niliyomwambia "pulizia dawa", ila niliporudisha fungu lenye matundu na kuchukua la jirani yake lisilo na dosari, nilisema hivyo kwa mkono. Naye alinisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwenyewe. Sikuwahi kuuliza, maana nilipenda kutojua. Uaminifu ni amana ya watu wawili, na anayetaka kuambiwa ukweli sharti kwanza auvumilie.

Itasemwa pia kwamba haya ni mazungumzo ya wenye nacho. Maskini hununua anachokimudu. Ni hoja nzito, na sitaki kumtwika maskini mzigo wa soko zima. Mwenye watoto sita na shilingi chache hana dhambi kwa kununua rahisi. Lakini kuuliza hakuna bei, na kulikubali jani lenye tundu hakuongezi senti. Mara nyingi anayedai uzuri wa macho ni yule mwenye uwezo wa kuchagua. Basi na aanze yeye.

Nilirudi kwa bibi yule wiki iliyofuata. Tukapatana kwamba nimlipe mapema, anilimie tuta kama la wanawe, kwa samadi na mwarobaini, nami nisirudishe fungu. Alicheka, akaniuliza kama mke wangu ameridhia. Nikamwambia hajaambiwa. "Mwambie kwanza," akasema, "mimi sitaki kesi."

Nikamwambia. Sasa nyumbani mchicha huchambuliwa kwa muda mrefu zaidi, na manung'uniko hayakosi. Wiki nyingine wadudu humaliza kila kitu, nasi hula kisamvu. Juzi bibi aliniletea fungu zuri mno, halina tundu hata moja, na moyo ukaanza kunidunda. Nilimtazama, akajua ninalotaka kuuliza. Akangoja niulize.

Nikauliza.