Uulizeni Mruko Kabla ya Kuuchuja

Wanangu mnaofunga vihisio kwenye matangi, maboila na pampu za visima, nawasihi jambo moja: kipimo kikiruka ghafla, msikimbilie kukilainisha. Huenda ni kelele ya umeme, huenda ni taarifa ya kweli, na kichujio kisichotofautisha mambo hayo kitawadanganya huku mmetulia.

Wengi wenu huanza na wastani kwa kuwa ni rahisi kuuandika. Haya, chukueni tangi la maji ya nyuzi 30 na wastani wa vipimo 10 vya mwisho. Kontakta ya pampu inashika, cheche yake inapenya kwenye waya, kipimo kimoja kinasoma 130. Wastani unapanda hadi 40 na kubaki hapo mpaka vipimo 10 vipite. Uongo wa mara moja umekuwa uongo wa mara kumi, tena unaofanana na ukweli. Huo ndio unaoniogopesha.

Anzeni na namba ya katikati. Shikeni vipimo 5 vya mwisho, vipangeni toka kidogo hadi kikubwa, chukueni cha tatu. Ile 130 itasukumwa pembeni isionekane kabisa. Joto likibadilika kweli na kubaki hapo, kipimo kipya cha tatu ndicho kitakachokaa katikati. Wastani uje baadaye. Ukitangulia, unaisambaza cheche na namba ya katikati haiikamati tena.

Kisha pigeni hesabu ya mtambo wenyewe. Hita ya kilowati 2 katika lita 100 za maji hupandisha joto kwa takriban nyuzi 0.3 tu kila dakika. Basi nyuzi 10 kwa sekunde moja haziwezi kutoka kwenye hita. Hata hivyo msizitupe: labda maji yameshuka chini ya kihisio, labda mtu amekichomoa. Vipimo vitatu mfululizo vikikubaliana mahali papya, kijazeni kichujio chote kwa thamani hiyo, msikiache kijikokote kuifikia. Ulinzi wa joto la hatari uwe na swichi yake yenyewe, usingoje programu.

Mruko unaorudi na namba ileile ushukuni zaidi. Kihisio cha DS18B20 kikipata umeme upya hutoa 85 mpaka kipime. Mkiiona 85 kila pampu inapowaka, volti inashuka, na hakuna kichujio kitakachotibu hilo. Nyaya nazo zataka kazi ya mikono: tenganisheni waya wa kihisio na wa pampu, sokoteni jozi yake, ngao iungwe ardhini upande mmoja tu, koili ya DC ipewe diodi.

Na vipimo ghafi vihifadhiwe. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, walioupima kutoka ardhini. Setilaiti ya Nimbus 7 ilikuwa imekwisha kuuona, ila programu iliviwekea alama ya shaka vipimo vya chini mno. Kwa kuwa havikufutwa, wataalamu wa NASA walivirudia, na ukubwa wa shimo lile ukaonekana kwenye ramani. Kwa hiyo katika daftari la mtambo wenu andikeni saa, kipimo ghafi, na pembeni yake kilichochujwa.